Hina ya Idd

Muheza, bwenini
14 Julai 2024

Kaka Rahimu,

Shikamoo.

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na ninakwambia wewe kwa barua kwa sababu kwa mdomo nisingeweza. Siku ya mazishi ya Baba sikulia. Watu walidhani nimeduwaa. Shangazi Mwamvua alinikumbatia akasema mtoto wa kaka yangu kakaukiwa machozi. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nimekaa mkekani karibu na Mama, nikaitazama mikono yake ilivyolala mapajani bila kazi, nikaanza kutafuta maneno ya kuieleza. Nikayapata: kama ndege wawili waliochoka. Niliyaona mazuri. Nikawa nayarudia kichwani nisije nikayasahau, na wakati nayarudia ndipo walipolitoa jeneza. Baba alitoka nyumbani kwake mara ya mwisho mimi nikiwa nafurahia sentensi.

Tangu siku hiyo nataka maneno yangu yafanye kazi ya maana, na nadhani nimeipata.

Ulinieleza nilipokuwa likizo kwamba tangu Baba afariki hakuna wa kuipeleka mikeka ya Mama madukani, na kwamba Mama bado kizuka, hatoki mpaka eda yake iishe Oktoba. Ukafungua ukurasa, ukauita Ukili wa Chumbageni, na wafuasi wako karibu wote ni wachezaji wenzako wa mpira. Kaka, usikasirike. Tatizo ni picha. Umeutundika mkeka ukutani kama kanzu iliyoanikwa. Hakuna anayejua umetoka kwa nani.

Weka ile picha aliyoipiga Baba siku ya Idd, aliyokutumia kwenye simu. Ile ya mikono ya Mama akishona, na sindano yake ya shazia imeingia nusu kwenye ukili. Hina imekolea, ukindu ni mweupe, mwanga unatoka mlangoni. Hakuna picha nzuri kama ile nyumbani kwetu. Uso hauonekani kabisa, kwa hiyo hakuna aibu.

Chini yake andika hivi, usibadilishe neno:

"Leo asubuhi, kabla chai haijapoa, mikono hii imeanza mkeka mpya. Kili zimesukwa na akina mama wa Chumbageni, kila mmoja barazani kwake, na hapa ndipo zinapokutana. Mkeka huu bado hauna mwenyewe."

"Leo asubuhi" nimeiweka kwa makusudi. Nimeona vitabuni kwamba msomaji akiambiwa jambo linatokea sasa hivi, husogea karibu.

Unajua hapa shuleni simu haziruhusiwi. Barua hii nampa Lea, rafiki yangu anayesoma kutwa. Baba yake, Mzee Hosea, hupeleka machungwa Tanga kila wiki na atapita Chumbageni.

Mdogo wako,
Samiha


Chumbageni
23 Julai 2024

Mwandishi wetu mkuu,

Marahaba. Hilo la mazishi nimelisoma na nimelifungia. Mimi nililia mpaka nikapaliwa, na hakuna aliyefufuka. Acha kujitesa.

Sasa sikia! Niliiposti picha Ijumaa baada ya swala, na maneno yako kama yalivyo. Kufika jioni simu ilikuwa kama ina homa, inatetemeka mfukoni haitulii. Mwenye hoteli mmoja wa Pangani anataka mikeka ya vyumba vyote. Mama mmoja wa Dodoma anataka makawa ya kufunikia chakula cha harusi. Jamaa wa Arusha kaandika, "Hii ni mikono ya mama yangu mzazi." Nikamjibu, "Hapana bwana, huyu ni wangu, wako mtafute." Nimeshalifuta, usianze kunikaripia.

Nilimwambia Mama oda zimekuja. Akaniuliza, "Wameuonea wapi mkeka wangu na mimi sijatoka?"

Nikamwambia mtandaoni.

"Huko mtandaoni kuna mlango?"

"Hakuna, Mama."

"Basi kuna wezi."

Halafu akacheka. Samiha, Mama alicheka. Tangu msiba sijamsikia. Akaagiza ukindu zaidi na rangi ya zambarau. Wanawake wa mtaa wanaleta kili kila alasiri, wanakaa naye chumbani wanasuka huku wanazungumza mpaka adhana. Hata Mama Blessing wa nyumba ya pili, Mkristo wa watu, kaleta kili zake zimepinda kama barabara ya Lushoto, na Mama kazipokea.

Picha sijamwonyesha. Simu hataki hata kuishika, anasema itamtoa kwenye eda.

Baba mkubwa Masoud kapita jana. Anakusalimu na anasema ada ya muhula huu kailipa, usome. Leta maneno mengine. Maneno yako yanauza kuliko mikeka.

Kaka yako,
Rahimu


Muheza
1 Agosti 2024

Kaka Rahimu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka Lea ananiita "bibi harusi wa posta." Ile sehemu ya Mama kucheka nimeinakili kwenye daftari.

Unajua mimi darasani mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, nanyamaza mpaka mwingine ajibu. Sasa kuna watu Dodoma na Arusha wanaonisikia bila kuniona. Sijui kama ni dhambi kulifurahia. Nalifurahia.

Kwa ajili ya makawa, andika: "Chakula kilichofunikwa kwa kawa kinamngoja mtu. Leo tumemaliza kawa hili. Wewe unamngoja nani?"

Kwa ajili ya vipepeo vya ukili: "Umeme ukikatika, upepo wetu haukatiki."

Hilo la pili najua utalipenda zaidi kwa sababu ni la kihuni kidogo. Picha ya mikono iache juu kabisa ya ukurasa, kila anayeingia akutane nayo kwanza.

Mwonyeshe Mama picha, tafadhali. Mwambie Baba alijua kupiga.

Samiha


Chumbageni
19 Agosti 2024

Samiha,

Barua yako nimeipata zamani kidogo, nisamehe, nilikuwa na mambo.

Maneno ya kawa sijayaweka. Usiandike tena "leo." Kwa sasa usiandike chochote, tupumzike kwanza. Oda zipo nyingi ila kili zimepungua, wanawake wana shughuli za harusi.

Nimesikia mna likizo fupi mwezi ujao. Baki huko ujisomee. Nyumbani hakuna nafasi, kuna ukarabati.

Mama mzima.

Rahimu


Muheza
27 Agosti 2024

Kaka,

Shikamoo. Nimejaribu kuielewa barua yako na sijaielewa.

Kama maneno yangu ni mabaya niambie ni yapi, nitayarekebisha. Nimefikiri labda "leo" inachosha, au watu wa mtandaoni wameona ninajitia ujuzi. Nimeandika mengine saba, mafupi, yako nyuma ya karatasi hii.

Lakini hili la ukarabati. Nani anakarabati nyumba yenye kizuka ndani? Na harusi gani ya kuwashika wanawake wa mtaa mzima mwezi mzima? Mzee Hosea anasema alipokuletea barua aliukuta mlango wa mbele umefungwa alasiri, na hakusikia sauti ya mwanamke hata mmoja.

Umeandika "Mama mzima." Mtu akiwa mzima kweli, wewe huandika alichosema.

Kama ni mgonjwa niambie. Nimemwandikia Shangazi Mwamvua pia, maana yeye hawezi kunificha.

Samiha


Usagara
7 Septemba 2024

Kwa Samiha binti Yasini,

Marahaba. Unaniuliza kama mama yako anaumwa. Haumwi, mwanangu. Anayeumwa hapaki hina.

Mimi sikuamini. Ni mwanangu Sabiri aliyenionyesha kwenye simu yake. Mikono ya mke wa kaka yangu, myekundu mpaka kwenye kucha, imepambwa, na chini yake pameandikwa: leo asubuhi. Leo asubuhi! Kaka yangu alikuwa hajatimiza hata miezi miwili mchangani, na mkewe hina imemkolea, anaonyesha mikono Dodoma na Arusha, na wanaume wanamtumia mioyo myekundu. Zamani kizuka hata kioo alifichiwa. Huyu wetu ana wafuasi.

Tulikwenda kumwuliza, mimi na baba yako mkubwa, pamoja na wazee wetu wa Pongwe. Tulimwuliza kwa heshima, yeye Masoud akiwa nyuma ya pazia kama inavyotakiwa. Hakujibu. Alikuwa anashona, akaendelea kushona. Mwenye haki husema. Tukamwita Rahimu, tukamwuliza nani aliyeweka picha ile. Akasema, "Mimi natumwa tu." Sasa nyumba ile ina watu wawili. Kama mtoto katumwa, katumwa na nani, na paka?

Majirani wamesikia, si kwa mdomo wangu. Wanawake wa Chumbageni wana dini yao, kili zao wamekaa nazo majumbani. Hakuna aliyewakataza.

Mimi ndiye wifi. Ikifika siku, mimi ndiye wa kumtoa eda, nimwogeshe, nimvike kanga mpya. Sasa niambie wewe msomi: nitamtoaje mtu aliyekwisha kujitoa?

Wewe soma. Wewe ni damu yetu. Chumba cha mbele cha nyumba ya kaka yangu kitahitajika, Sabiri anaoa Disemba, lakini wewe ukija likizo utalala kwangu.

Shangazi yako,
Mwamvua


Muheza
9 Septemba 2024

Rahimu,

Nimepata barua ya Shangazi.

"Mimi natumwa tu." Ulisema hivyo?

Picha niliichagua mimi. "Leo asubuhi" niliiandika mimi, nikiwa nimekaa kitandani bwenini, umbali wote huu. Wewe uliibonyeza simu. Mama alikuwa ndani anashona, hata hajui picha inafananaje. Sisi wawili tuliyafanya, na tulipoulizwa wewe ulimwonyesha Mama kwa kidole.

Niliitazama picha ile nikaona picha. Sikuona mkono wa kizuka. Hilo ni langu na nitalibeba. Lakini wewe ulikuwa hapo. Ulikuwa na maneno manne tu ya kusema: "Ilipigwa siku ya Idd."

Barua iliyo ndani ya hii ni ya Mama. Msomee yote.

Samiha


Chumbageni
14 Septemba 2024

Samiha,

Ni rahisi kuandika ukiwa mbali.

Walikuwa wazee watano sebuleni. Baba mkubwa, Shangazi, na wale wa Pongwe. Baba mkubwa alikuwa ameshika simu yangu, anaisoma sentensi yako kwa sauti, taratibu, kama anasoma hukumu. Wewe unayeogopa kujibu swali la jiografia ungesema nini?

Niliulizwa nani kaweka. Kama ningesema ni wewe, ada yako ingeishia palepale. Kama ningesema ni mimi, mimi ndiye mwanaume wa nyumba ile sasa, ningekuwa mwanaume gani aliyemtangaza mama yake kizuka? Nikasema natumwa. Nilidhani wataliacha hapo. Sikumtaja Mama. Wao ndio walimtaja.

Nilimwambia Baba mkubwa baadaye, tukiwa wawili, kwamba ni picha ya zamani. Akasema, "Mbona imeandikwa leo?"

Picha kwenye simu yangu inaonyesha tarehe niliyotumiwa, na Baba alinitumia siku chache kabla hajafa. Simu ya Baba anayo Baba mkubwa. Nimemwomba aitazame. Anasema haina chaji.

Oda bado zinakuja. Kila siku zinakuja. Nimeacha kuzijibu.

R.


Chumbageni
22 Septemba 2024

Mwanangu Samiha,

Marahaba. Barua yako Rahimu alinisomea. Nikamwona anaruka mistari, nikaichukua nikaisoma mwenyewe. Mimi nilifika darasa la saba, nasoma polepole lakini nafika.

Picha nimeiona sasa. Mama Blessing ndiye aliyenionyesha, kwenye simu yake. Yeye bado anakuja. Kili zake zimenyooka kidogo.

Sikuiangalia hina. Niliangalia pale chini, kwenye mkeka, upande wa kushoto. Kuna kivuli. Ni kichwa cha baba yako na kofia yake ya Idd, alivyokuwa amesimama mlangoni anipige picha, ananiambia usitikisike Zuwena, na mimi namwambia wali unaungua. Watu wote wale wameitazama picha na hakuna aliyekiona kivuli cha mwenye nyumba.

Na hina ile nikwambie. Aliipaka wifi yangu Mwamvua kwa mkono wake, usiku wa kuamkia Idd, barazani kwetu. Ua lake la mgongo wa mkono analipinda kuelekea kidole gumba. Hakuna mwingine Tanga nzima anayelipinda hivyo, ni mchezo wake tangu usichana. Alipokuja kuniuliza niliyaangalia macho yake. Analijua ua lake. Ndiyo maana sikujibu. Ningemwambia nini ambacho hakijui?

Umeniomba msamaha mara nyingi katika karatasi moja. Nimekusamehe mara moja, inatosha.

Sasa nisikilize. Usiseme kitu. Ukisema uliandika wewe, Masoud ataacha kukulipia. Ukisema Rahimu aliwakwepa wazee, atabaki na jina hilo katika ukoo wake maisha yake yote. Nimebaki mimi. Mimi nimeshafiwa, sina kipya cha kuharibikiwa. Mwili umekaa eda, na mdomo nao umekaa eda yake.

Natoka Jumatano, tarehe tisa mwezi ujao. Soma.

Mama yako,
Zuwena


Kigombe
13 Oktoba 2024

Kaka Rahimu,

Nitakuamkia tukionana.

Umeniuliza kwa mdomo wa Mzee Hosea nilifanya nini, kwa sababu mtaani unasikia habari tofauti tofauti. Nakuandikia kama ilivyokuwa, bila mapambo.

Jumanne nilimwendea matroni, nikamwambia mama yangu anatoka eda kesho na sina dada. Akanipa ruhusa ya siku tatu. Mzee Hosea akanichukua kwenye gari la machungwa. Nilifika nyumbani wewe umekwisha kuondoka kwenda Horohoro mpakani. Uliacha simu yako kitandani kwangu, na chaji. Nilidhani umeisahau. Mama akasema hukuisahau.

Jumatano asubuhi Mama alitayarisha maji, akaweka ubani, akaketi kwenye kiti kifupi akimngoja wifi yake. Hakumtaja. Alikuwa anatazama mlango tu. Mama Blessing alikuja mapema na kanga ndani ya mfuko wa nailoni, akakaa pembeni, hana uhakika kama anaruhusiwa.

Shangazi alikuja na Baba mkubwa Masoud. Hakuwa na kanga. Alikuwa na futi ya kupimia chumba cha mbele.

Mama alikuwa amenikataza kusema. Nilimwasi. Nilitoka sebuleni na simu yako mkononi. Sauti ilitoka ndogo, Baba mkubwa akaniambia nirudie.

"Shangazi," nikasema, "ua hili nani alilipaka?"

Akaichukua simu. Akaitazama muda mrefu, Rahimu. Nilikiona kidole chake kinasogea hewani juu ya kioo, kinafuata mstari, kinapinda kuelekea kidole gumba. Sidhani kama alijijua. Kisha akanirudishia simu.

"Hina zote zinafanana," akasema.

"Na kivuli hiki? Si kofia ya Baba?"

"Kivuli hakina jina."

Baba mkubwa akasema, "Na hiyo leo asubuhi, iliandikwa na kivuli?"

"Niliandika mimi."

Nilimsikia Mama nyuma ya pazia akiniita, mara moja tu. "Samiha!"

"Wewe?" Baba mkubwa akasema. "Si ulikuwa shuleni? Asubuhi ya Chumbageni uliionaje?"

"Sikuiona. Niliitunga."

"Kwa hiyo ulidanganya."

Nikasema ndiyo.

"Basi umejijibu," akasema. "Aliyedanganya Julai kwa ajili ya biashara, atashindwa kudanganya Oktoba kwa ajili ya mama yake?" Akavaa viatu vyake. Mlangoni akageuka. Hakuwa na hasira hata kidogo, nadhani hilo ndilo lililoniumiza. "Na kwa kuwa unajua kutunga kiasi hicho, ada nayo ujitungie."

Shangazi alipima chumba. Urefu na upana. Akaondoka.

Nilirudi ndani nikidhani Mama atanipiga. Alikuwa anamwambia Mama Blessing, "Maji yamepoa, tuanze."

Mama Blessing akasema, "Mama Rahimu, mimi sijui mnavyofanya. Nielekezeni tu, nisije nikaharibu."

"Mimina," Mama akamwambia. "Kumimina ni kwa watu wote."

Akamimina, na mimi nikashika taulo. Kanga aliyoleta ilikuwa ya njano, bei yake bado imebandikwa. Mama akaivaa. Akapaka wanja kidogo kwenye jicho moja, akasita, akaufuta. Alasiri akafunga nguo zake, shazia zake na ukindu uliobaki, tukaja hapa Kigombe kwa Mjomba Miraji. Mkeka wa hoteli ya Pangani haukuisha, ulibaki nusu. Ameuacha palepale sakafuni, chumba cha mbele. Kama Sabiri ataukalia, ataukalia nusu.

Ruhusa yangu ilikwisha Ijumaa. Sikurudi. Lea ameniletea madaftari yangu.

Jana niliufungua ukurasa. Nilitaka kuifuta picha. Mama akasema, "Usiifute. Baba yako yumo." Basi nikayafuta maneno yangu, nikaandika haya:

"Picha hii ilipigwa na baba yetu, Yasini, siku ya Idd. Kivuli chake kinaonekana chini kushoto. Alifariki tarehe mbili Juni. Tangu siku hiyo mama hakupaka hina mpaka eda ilipokwisha. Maneno yaliyokuwa hapa yalikuwa ya uongo. Niliyaandika mimi, binti yake, nikiwa mbali."

Niliisoma mara mbili. Nilidhani pengine mwanamke mmoja wa Chumbageni ataiona, amwambie mwenzake. Nikakaa barazani na simu mapajani, nikangoja.

Wa kwanza kujibu aliandika: "Mikono mizuri, hongereni."

Wa pili aliandika: "Mnatuma Mwanza?"

Wa tatu aliandika: "Bei?"

Nilikaa nalo neno hilo. Mama alikuwa uani, anasuka ukili mwenyewe kuanzia mwanzo, kwa sababu hapa hakuna wa kumletea. Nikaenda nikamwuliza mkeka kama ule sasa ni kiasi gani. Hakuinua macho. Akafikiri, akanitajia.

Nikaiandika bei. Sikuongeza neno.

Samiha